Daftari la Breki

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla ya somo la saa mbili, Mama Breki alipitia mahakama ya jiji kuliulizia gari lake. Watu wengine huenda mahakamani wakiitwa. Yeye alikwenda bila kuitwa, kama mtu anayekwenda kupimwa presha ili atoke akijua yuko mzima. Notisi za makosa ya barabarani zilitumwa kwenye sanduku la barua la shule ya udereva, na ufunguo wa sanduku hilo alikuwa nao mwenye shule, aliyelifungua siku akijisikia.

Dirisha la maulizo lilikuwa chini ya ngazi, mahali penye kiza hata mchana. Unaandika namba ya gari kwenye kikaratasi, unakisukuma chini ya kioo, unangoja. Karani wa dirisha, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alikwisha kumzoea.

"Mwalimu, umekuja tena kusikia kwamba hakuna kitu?"

"Niambie hivyo hivyo, dada yangu, nikafanye kazi."

Karani akaandika namba kwenye kompyuta huku akicheka, kisha akaacha kucheka. Akaivaa miwani.

"Leo kipo."

Mama Breki akashika ukingo wa dirisha.

"Kupita taa nyekundu," karani akasoma. "Makutano ya njia nne, karibu na ghala la mbao. Jumatano, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Notisi imetoka siku kumi na mbili zilizopita."

"Kumi na mbili! Mbona sijaiona?"

"Ilitumwa kwenye sanduku. Una siku kumi na nne tu, mwalimu. Ndani ya hizo, ama unalipa nusu faini, ama unajaza fomu ya kupinga. Zikipita, mahakama inahesabu umekubali."

"Na nikilipa?"

"Ukilipa umekubali. Faili linafungwa, huna tena la kusema." Karani akasogeza uso karibu na kioo, akapunguza sauti. "Na hapa naona una alama mbili tayari."

Alikuwa nazo, na alizijua kama mtu anavyojua meno yake yaliyotoboka. Ya kwanza aliipata kwa mwanafunzi aliyeingiza gari kwenye barabara ya kwenda upande mmoja. Ya pili kwa kijana aliyekuwa na haraka ya kufika harusini kwake mwenyewe. Sheria ilikuwa wazi: katika gari la mafunzo, dereva machoni pa mahakama ni yule aliyekaa kwenye breki ya pili. Alama tatu ndani ya miaka miwili, na kibali cha kufundisha kinachukuliwa kwa miaka miwili mingine. Mama Breki alikuwa na miaka hamsini na mbili. Akikaa miaka miwili bila kufundisha, nani angemngoja? Na kazi nyingine angeianzia wapi?

"Nipe fomu ya kupinga," akasema.

Karani akampa fomu, na pamoja nayo picha iliyochapishwa kwenye karatasi hafifu. Ilionyesha gari lao dogo jeupe, kibao cha mafunzo juu ya paa, taa nyekundu mbele, na matairi ya mbele yakiwa yameuvuka mstari mweupe.

"Hapo gari limepita," Mama Breki akasema.

"Hapo limeuvuka mstari. Kama lilipita au halikupita, sijui," karani akajibu. "Kamera hupiga picha mbili, ya pili baada ya sekunde mbili. Notisi huja na moja. Ya pili lazima uiombe, na utaiona mahakamani. Weka alama kwenye hiki kisanduku. Watu wengi hawakijui."

Akaweka alama kwenye kisanduku. Alipofika mahali pa kusaini akasita. Fomu ilitaka saini mbili: yake, na ya mwenye gari. Mwenye gari alikuwa mwenye shule.

Akampigia simu pale pale.

Mwenye shule alijiita Mkurugenzi, ingawa shule yenyewe ilikuwa na magari mawili, meza tatu na choo kimoja kisichofungika. Akapokea kwa furaha kabla hata hajasalimiwa.

"Dada yangu! Una bahati. Nimefungua sanduku leo, nimekuta notisi yako. Usijisumbue. Naimalizia sasa hivi kwa simu, nusu bei. Nimeshaingiza namba ya gari."

"Usilipe!"

"Ni hela ndogo tu. Siku moja ya kukaa mahakamani inakula masomo sita."

"Usibonyeze chochote. Nakuja."

"Mimi naona yaishe tu—"

"Toa kidole kwenye simu!" Watu waliokuwa kwenye foleni ya malipo wakageuka. "Nakuomba, ndugu yangu. Toa kidole, weka simu mezani, kaa mbali nayo."

Alikimbia. Mama Breki hakuwa mtu wa kukimbia. Wanafunzi wake waliamini hata nyumba ikiungua angetoka kwa gia ya kwanza. Lakini asubuhi ile aliendesha mitaa minane roho ikiwa mkononi, akasimama kwenye kila taa, hata ya njano, akilaani kimya kimya. Alipoingia ofisini alimkuta Mkurugenzi amekaa kwenye kiti, mikono imefungwa kifuani, simu iko juu ya kabati la mafaili.

"Nimeiweka huko ili nisishawishike," akasema. "Haya, niambie. Tangu lini nusu bei ikawa msiba?"

Ndipo alipomweleza habari ya alama mbili. Hakuwahi kumwambia. Faini zote mbili aliandikiwa barabarani na askari, akazilipa mwenyewe, kimya kimya, kwa sababu hakuwa na cha kuthibitisha na hakutaka kuonekana mzembe. Mkurugenzi akasikiliza, mdomo ukibaki wazi.

"Mbili? Miaka yote hii nawaambia watu nina mwalimu asiye na doa!"

"Sina doa. Nina alama."

"Na hii ya tatu, ulipita au hukupita?"

"Nilifunga breki."

"Una uhakika?"

Akautazama mkoba wake. "Nina daftari," akasema.

Mkurugenzi akavuta fomu, akasaini kwa mkato mmoja mrefu. "Kama utashindwa," akasema bila kuinua macho, "nitalazimika kutafuta mwalimu mwingine. Unaelewa. Si kwamba napenda."

Alielewa.

Jina la Mama Breki alipewa na wanafunzi, nao walidhani halijui. Alianza shuleni hapo kama karani wa kuandikisha majina. Siku moja mwalimu hakutokea, wanafunzi watano wakawa wamekaa kwenye benchi wanatazama saa, naye alikuwa na leseni, basi akaambiwa akae kiti cha kushoto kwa siku hiyo moja. Siku hiyo moja ikawa miaka kumi na moja. Mwaka wake wa kwanza mwanafunzi alikwaruza ukuta wa kiwanda cha mikate. Mwanafunzi akaapa kwamba alifunga breki mapema, mwalimu akaapa kwamba hakufunga, wote wawili wakarudi nyumbani na viapo vyao. Tangu hapo akaanza kuandika.

Kila alipolazimika kukanyaga breki ya upande wake, aliandika kwenye daftari herufi B, mahali, na kosa ni la nani. Likiwa la mwanafunzi, aliandika la mwanafunzi. Likiwa lake, aliandika lake. Mwanafunzi akimaliza masomo matatu mfululizo bila B, alipelekwa kwenye mtihani. Asipomaliza hapelekwi, hata alie. Kabatini kwake nyumbani yalipangwa madaftari ishirini na mawili. La ishirini na tatu lilikaa kwenye mkoba wake, na penseli imefungwa humo kwa uzi.

Jioni ile alilifungua mezani, mbele ya binti yake wa mwisho. Binti huyu alikuwa chuoni, mpole, mchache wa maneno, ila akipewa karatasi yenye maandishi madogo haiachi mpaka aimalize. Alikuwa ameshasoma notisi mbele na nyuma mara mbili.

"Mama, sikiliza hapa. Kosa la kupita taa ni gari kuingia kwenye makutano wakati taa ni nyekundu. Gari likiuvuka mstari kisha likasimama bila kuendelea, hilo ni kosa jingine. Lina faini tu. Halina alama."

"Rudia."

Akarudia. "Kwa hiyo swali ni moja: baada ya picha hii, gari lilikwenda au lilisimama?"

"Lilisimama. Nililisimamisha mimi. Soma."

Binti akavuta daftari. Ukurasa wa Jumatano ile ulikuwa wa fundi cherehani, mtu mzima aliyekwisha kuanguka mtihani mara mbili. Fundi aliendesha gari kama anavyoshona: miguu yote miwili kwa pamoja, macho kwenye kitu kilicho karibu kabisa. Ukurasa wake ulikuwa umejaa B kama nguo iliyojaa viraka. Binti akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika.

*B. Kona ya kiwanda cha magodoro. Kosa lake.*

*B. Taa ya njia nne. Alichelewa. Na mimi nilichelewa, nilikuwa naandika ile ya magodoro.*

Binti akausoma mstari huo tena.

"Hili lisiende mahakamani," akasema.

"Ndilo linaloonyesha nilifunga."

"Linaonyesha pia kwamba mwalimu wa udereva alikuwa ameinamia daftari, gari linatembea, taa iko mbele yake, na usukani ameshika mtu aliyeanguka mtihani mara mbili. Mama! Wakisoma hapo hawatangoja alama ya tatu. Watachukua kibali siku hiyo hiyo."

"Unataka nifiche."

"Sijasema ufiche. Nimesema usilipeleke. Mtu hapeleki mahakamani kila kitu kilichomo kabatini mwake. Tuna picha ya pili, tuna fundi. Vinatosha."

Mama Breki akalifunga daftari. Kilichomuuma ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli. Miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia watu wasishike simu, wasile, wasijitazame kwenye kioo, na miaka yote hiyo mwenyewe alikuwa na penseli mkononi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata yeye hakuwahi kujiuliza.

Fundi alipoambiwa awe shahidi, nusura aache usukani apige makofi.

"Mwalimu, nitakutetea mpaka hakimu mwenyewe akuombe radhi!"

"Tazama mbele. Sitaki utetezi. Utasema ulichokiona."

"Nitasema nilichokiona na zaidi."

"Zaidi hakuna. Klachi, fundi! Klachi!"

"Yote haya ni kwa sababu yangu," akasema fundi, akipambana na gia. "Hata nguo za wanafunzi sizishoni vizuri siku hizi. Jana nimeweka mikono miwili upande mmoja."

"Sema ukweli tu, kesi iishe, urudi kwenye mikono yako."

Siku ya kesi ilifika Alhamisi. Aliamka akavaa gauni lake la kijivu, akachukua mkoba. Binti alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye mtihani. Alimwachia kikaratasi mezani chenye namba za vifungu na maneno *usiseme mengi*. Alipofika kwenye ngazi za mahakama ndipo alipoingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa, akagusa ule uzi wa penseli. Alikuwa amelibeba kwa mazoea. Siku ya kazi hakuwahi kutoka bila daftari, na mkono haukuuliza kama leo ni kazi au ni mahakama.

Akaufunga mkoba, akaubana kwapani.

Chumba kilikuwa na benchi sita, feni moja iliyogonga kila ikizunguka, na watu wengi walioshika notisi zilizokunjwa. Hakimu alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wote wanyamaze. Kesi zilikwenda mbio. Dereva wa lori akasimama, akaeleza kwamba alikwenda kasi kwa sababu mkewe alikuwa anajifungua.

Hakimu akapekua faili. "Mwezi wa pili alijifungua. Mwezi wa tano alijifungua. Huyu mama mpeni pole. Lipa."

Watu wakacheka. Mama Breki hakucheka. Aliona jinsi walivyoinuka mmoja mmoja, wakasema maneno yao mawili matatu, wakaelekezwa kwenye dirisha la malipo. Katika saa nzima hakuna aliyeshinda.

Namba ya gari lake ikaitwa.

Afisa wa trafiki aliyeleta mashtaka alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa, maneno yake ameyapanga. Akaonyesha picha ya kwanza. Kisha akatoa ya pili, ile iliyoombwa, akamkabidhi hakimu, nakala akampa Mama Breki.

Akaitazama. Lori la mchanga lilikuwa limepita kati ya kamera na gari lao. Lilikuwa limefunika kila kitu. Hakuna gari jeupe, hakuna kibao, hakuna mstari. Kilichoonekana ni mchanga na turubai.

"Picha hii haisemi lolote," akasema hakimu.

"Ndiyo, Mheshimiwa," afisa akajibu. "Kwa hiyo tunabaki na ya kwanza. Gari limeuvuka mstari, taa ni nyekundu, na pua ya gari haijainama kuonyesha breki. Tunaomba mahakama ione kwamba liliendelea."

"Mshtakiwa?"

"Halikuendelea, Mheshimiwa. Lilisimama. Nina shahidi."

Fundi akaja mbele, futi ya kupimia ingali shingoni mwake, alisahau kuivua. Akala kiapo kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mama Breki akamwangalia machoni, akimwomba bila maneno. Fundi akampa tabasamu la mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Mheshimiwa, nilikuwa kwenye usukani mimi," akaanza. "Niliiona taa tangu mbali. Nikafunga breki mwenyewe, vizuri kabisa. Mwalimu hakugusa kitu. Alikuwa ametulia, anatazama mbele, macho yote mawili. Gari likasimama palepale. Huyu ni mwalimu bora, Mheshimiwa, kama kuna kosa ni—"

"Inatosha," akasema hakimu. "Afisa, una swali?"

"Moja tu." Afisa akamsogelea fundi kwa upole. "Breki uliifunga kwa mguu gani?"

Fundi akatazama chini kwenye miguu yake, kama anayeiuliza yenyewe. Jasho likamtoka kwenye kipara. Miaka ishirini na mitano miguu hiyo ilikuwa imekanyaga pedeli moja pana ya cherehani.

"Wa kushoto," akasema.

Benchi za nyuma zikaangua kicheko. Feni ikagonga.

"Wa kushoto ni klachi," afisa akasema bila kupandisha sauti. "Mheshimiwa, shahidi hakufunga breki. Hajui hata ilipo. Kama yeye hakufunga, na kwa kiapo chake mwalimu hakugusa kitu, basi hakuna aliyefunga. Gari lilipita."

Hakimu akamwangalia fundi kwa muda, kisha akamwangalia Mama Breki, na macho yake yalikuwa yamebadilika. Akachukua kalamu.

Kibali kilikuwa kinaondoka. Alikiona kabisa kikiondoka, na kilikuwa kinaondoka kwa uongo ambao hakuutunga, uliosemwa na mtu aliyempenda. Akinyamaza, kosa litakuwa ni la kupita taa. Akisema, atakuwa amejifunga mwenyewe kwa mkono wake. Mkoba ulikuwa mzito kwapani kama jiwe.

"Mheshimiwa," akasema, na alisimama kabla hajaamua kusimama. "Shahidi wangu amekosea. Amesema hivyo kunisaidia. Breki niliifunga mimi."

"Mbona hukusema hivyo mwanzo?"

"Kwa sababu niliogopa kilichoandikwa." Akafungua mkoba, akatoa daftari, penseli ikining'inia. "Kila nikifunga breki naandika. Miaka kumi na moja. Siku ile nimeandika. Lakini ukisoma, soma mstari wote."

Askari wa zamu akalipeleka mbele kwa hakimu. Hakimu akatafuta tarehe, akasoma, midomo ikitikisika kidogo. Akarudia tangu mwanzo.

"'Na mimi nilichelewa, nilikuwa naandika.' Ulikuwa unaandika gari likitembea?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kama ilivyo desturi yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi mdogo. Afisa akainuka haraka. "Mheshimiwa, huyu amekiri uzembe. Na daftari lenyewe kaliandika kwa mkono wake. Anaweza kuwa ameliandika jana."

Hakimu akalivuta daftari karibu. Akafungua ukurasa mwingine, mbele zaidi, akasoma kwa sauti ile ile ya chini. "'B. Kivuko cha watembea kwa miguu. Kosa lake.' 'B. Soko la vyuma. Kosa lake.' 'B. Lango la shule ya msingi. Kosa langu, nilikuwa nawaza.'" Akainua macho. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Wiki ile mume wangu alikuwa amelazwa, Mheshimiwa."

Hakimu hakuuliza zaidi, na Mama Breki alishukuru kwa hilo. Akafunua kurasa nyingine tatu nne, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akalilaza daftari mezani, akaweka kiganja juu yake.

"Herufi hii ikiandikwa, maana yake gari lilisimama?"

"Breki yangu haina nusu, Mheshimiwa. Nikiikanyaga, gari linasimama."

Hakimu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko kesi zote za asubuhi. Fundi alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi, amejifunika uso kwa futi yake. Mama Breki alihesabu mapigo ya feni: kumi, ishirini, thelathini na moja.

"Afisa," akasema hakimu hatimaye, "unasema aliliandika mwenyewe, na ni kweli. Nimekaa kiti hiki miaka mingi, nimeletewa karatasi nyingi ambazo watu wamejiandikia. Zote humsifu mwandishi. Hii ni ya kwanza ninayoiona ikimuumiza. Angekuwa anatunga, asingetunga hivi. Shtaka la kupita taa halijathibitika."

Lakini hakimu alikuwa hajamaliza.

"Gari lilisimama, ila lilisimama likiwa limeshauvuka mstari. Hilo una hatia. Utalipa faini yote, hakuna nusu. Alama hakuna. Na hilo la kuandika huku gari linatembea, hukushtakiwa nalo leo. Naandika onyo kwenye faili lako. Ukirudi hapa na penseli hiyo, sitangoja alama, kibali nitakiomba mwenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa."

"Na wewe, fundi."

Fundi akainuka kama aliyechomwa sindano.

"Uongo chini ya kiapo una kifungo. Nakusamehe kwa sababu ulikuwa uongo mbaya mno. Nenda kajifunze miguu yako."

Karani wa dirisha alimwona akija kutoka mbali, akavaa miwani kabla hajafika.

"Kibali kipo?"

"Kipo. Bila alama."

Karani akasoma hukumu, akapiga muhuri, na wa pili, kwa nguvu isiyohitajika. "Basi Jumatatu ya kwanza nakungoja," akasema. "Uje nikwambie hakuna kitu."

Nje, kwenye jua, Mama Breki akamwandikia binti yake ujumbe: *Kibali kipo. Daftari lilikwenda.* Jibu halikuja. Mtihani ulikuwa bado unaendelea. Fundi alisimama kando ya gari, hathubutu kugusa mlango.

"Mwalimu, nilikuponza."

"Uliniponza kweli. Siku nyingine ukitaka kunitetea, nishonee gauni. Ingia. Una somo."

"Leo? Mimi?"

"Saa yako ni hii. Nimeilipia mahakamani."

Akaingia. Wakashika barabara, gari likirukaruka, mpaka wakafika kwenye makutano ya njia nne. Taa ikageuka nyekundu. Mama Breki akaweka mguu juu ya breki yake bila kukanyaga, akashika pumzi. Fundi akatazama miguu yake, akainua wa kushoto juu kabisa, akaushusha, akakanyaga kwa wa kulia. Injini ikazima. Gari likasimama, mstari mweupe ukiwa bado mbali mbele yao, mbali mno, kiasi kwamba waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi na mmoja akauliza kwa sauti kama wameamua kupiga kambi.

Mkono wa Mama Breki ulikuwa umeshaingia mkobani, umeshashika penseli. Akaiachia.

"Washa," akasema. "Taa ikiruhusu, vuka, kisha tafuta pembeni pa kuegesha."

"Nimefanya kosa?"

"Tafuta pa kuegesha, fundi."

Akavuka, akaegesha, tairi moja juu ya ukingo wa barabara. Mama Breki akavuta breki ya mkono, akazima gari, akachukua ufunguo akauweka mapajani. Ndipo alipofungua daftari na kuandika kwa utulivu, jina la fundi, saa, mahali, na mbele yake, *Alisimama mwenyewe.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Tairi juu ya ukingo. Kosa lake.*